Kupiga Kambi Visiwani: Ziwa Halitambui Cheo

Askari apatapo likizo fupi, aghalabu huwa na haja mbili moyoni mwake: kuwaona jamaa zake, na kukaa mahali ambapo hakuna kipenga cha kumwamsha. Kwa yule anayefanya kazi Kampala, mahali pa namna hiyo si mbali. Akipanda kilima cha Muyenga asubuhi ataliona Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale, limetanda upande wa kusini. Nyuma ya upeo wa macho yake vimo visiwa vyenye mchanga, misitu na utulivu, ambako mtu aweza kusimamisha hema lake, akavua samaki wake, akalala pasipo kusikia honi ya gari hata moja.

Watu wengi wa mjini, na miongoni mwao ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, huipenda starehe hii, wala sisi hatuna nia ya kuwakataza. Ni starehe ya heshima, haihitaji fedha nyingi, na humrudishia mtu nguvu za mwili na za akili. Lakini ina sharti moja ambalo husahaulika upesi: aendaye kisiwani ameiweka njia yake yote ndani ya chombo kimoja. Basi likiharibika barabarani, abiria atashuka, atatembea, ataomba msaada kwa wapitao. Ziwani hakuna pa kushukia. Kwa hiyo usalama wa kambi ya kisiwani hautengenezwi kisiwani. Hutengenezwa ufukoni, kabla mguu haujaingia mashuani.

VISIWA NA HABARI ZAKE

Wilaya ya Kalangala peke yake ina visiwa 84, ndivyo vijulikanavyo kwa jina la Ssese. Kikubwa kuliko vyote ni Bugala, ambacho hufikiwa na vivuko vya magari kutoka Bukakata, upande wa Masaka. Vingi vya vilivyobaki, kama vile Banda, havijui gari. Mtu huvifikia kwa mashua. Kisiwa cha Ngamba, kilicho kiasi cha kilomita 23 kutoka Entebbe, kimekuwa makao ya sokwe yatima tangu mwaka 1998, na huko mgeni halali ila kwa mpango uliofanywa mapema na wenye hifadhi.

Msafiri hujiuliza kwa nini visiwa vyenye rutuba namna hii vimebaki na misitu mikubwa na watu wachache. Sehemu ya jibu ni ya huzuni. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, uliua watu zaidi ya 200,000 katika nchi za kando ya ziwa hili. Serikali ya kikoloni, chini ya Gavana Hesketh Bell, iliamuru watu wahamishwe kutoka mwambao, na mwaka 1909 wakazi wa Ssese nao walitolewa visiwani mwao kupelekwa bara. Ilipita miaka kumi hivi kabla ya kuruhusiwa kurejea. Utulivu tunaoufurahia leo tuliupata kwa msiba wa wenzetu, na yafaa tuukanyage kwa adabu.

Ipo habari nyingine ambayo itawapendeza askari zaidi. Katika karne ya 19 Kabaka wa Buganda alikuwa na kikosi cha majini chenye mamia ya mitumbwi, kilichokuwa chini ya mkuu aliyeitwa Gabunga. Mitumbwi hiyo haikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za miti, na mafundi wake mashuhuri pamoja na wapiga makafi walikuwa watu wa Ssese. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwaka 1875 Kabaka Mutesa wa Kwanza alipokwenda kupigana na Wavuma, jeshi lake la nchi kavu lilikuwa kubwa mno, lakini lilikaa ufukoni kwa majuma mengi likishindwa kuuvuka mlango mwembamba wa maji uliolitenga na kisiwa kidogo cha Ingira. Henry Morton Stanley, aliyekuwapo kambini, aliandika habari zake. Mashujaa wa bara, ambao juu ya ardhi hawakuogopa mkuki wala mshale, walikosa raha mara walipopandishwa mtumbwini. Somo hilo halijazeeka: ushujaa wa nchi kavu hauvuki maji wenyewe.

JUMAPILI TULIYOKAWIA

Sisi wenyewe tulilijua jambo hili katika safari yetu moja. Tulikuwa watu wanne, na mmoja wetu alikuwa sajini wa polisi aliyepewa ruhusa ya siku tatu. Tuliondoka Ijumaa asubuhi kwa mashua ya kukodi, tukiwa na mahema mawili, sufuria, kurunzi na chakula cha kututosha. Tulipatana na nahodha kwamba angetufuata Jumapili, saa nne asubuhi. Tulimlipa nusu ya fedha, tukaagana naye vizuri.

Siku mbili za kwanza zilikuwa njema kupita tulivyotarajia. Asubuhi furukombe walilia juu ya miti, na mnandi walikausha mabawa yao juu ya mawe. Jioni tulinunua sato kwa wavuvi wa kijiji cha jirani, tukawapika kwa ndimu na pilipili. Usiku ulipoingia, mashua za wavuvi wa dagaa ziliwasha taa zao mbali ziwani, hata tukaona kana kwamba mji mdogo umeanza kuelea. Sajini alisema kwamba kwa muda wa miaka mingi hakuwahi kulala usiku kucha bila kusikia mlango ukigongwa.

Jumapili saa nne mashua haikuonekana. Saa sita haikuonekana. Kwa bahati tulikuwa tumezima simu moja ili kuhifadhi umeme wake, na kwa simu hiyo tulimpata nahodha, naye akatuambia kwamba mashine ya mashua imeharibika. Angekuja kesho yake asubuhi. Watatu kati yetu tulihuzunika kidogo, kisha tukacheka. Sajini hakucheka. Jumatatu saa moja asubuhi alitakiwa kuwapo kwenye gwaride kituoni pake, na katika kazi yake yote hakuwahi kuchelewa kurudi kutoka ruhusa.

Ilipokaribia saa kumi na moja jioni tulisikia ya kwamba katika kijiji cha wavuvi ipo mashua inayopakia kwenda bara. Tulifuatana naye. Mashua ilikuwa imejaa magunia ya dagaa, na juu ya magunia walikaa watu, wanaume kwa wanawake na watoto. Maji yalikuwa yamebakiza shibiri moja tu kuufikia ukingo wake. Jaketi za kuokolea maisha tulizoziona zilikuwa tatu, nazo zilikaliwa kama mito. Upande wa kusini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Mwenye mashua alipotambua kwamba mwenzetu ni mtu wa serikali, alimkaribisha kwa heshima kubwa. "Afande, kwako hapakosekani nafasi," alisema, akawaamuru kinamama wawili wasogee.

Pembeni palikuwa na mzee aliyekuwa akitengeneza wavu. Hakuinua hata uso wake. "Nafasi utapewa, afande," alisema, "lakini uzito wako utauacha wapi?"

Sajini alisimama pale kwa muda mrefu. Baadaye alitueleza yaliyopita moyoni mwake. Aliogopa adhabu, na aliona haya ya kuitwa mtoro baada ya miaka yote ile. Tena aliona kwamba kama angepanda, basi yeye, ambaye kazi yake ni kuzuia hatari kama ile, angekuwa ameitia muhuri. Mwishowe alirudi nyuma, akamshika mkono mwenye mashua, wakazungumza kando. Hakupiga kelele wala hakutisha mtu. Magunia kadhaa yakateremshwa, na watu sita wakashuka pamoja nayo. Walionung'unika walikuwa wengi, na baadhi ya maneno waliyotupa hatuwezi kuyaandika hapa. Mashua ikaondoka ikiwa imeinuka juu ya maji, na waliobaki ndani yake wakagawana jaketi zile tatu kwa watoto.

Kisha sajini akapiga simu kwa mkuu wake wa kituo, akamweleza mambo yote bila kuficha. Mkuu alimwuliza swali moja: je, upo salama? Alipojibiwa ndiyo, alimwambia abaki huko huko. Zamu yake ingeshikwa na mwingine, naye angeilipa siku ya mapumziko.

Usiku ule, yapata saa nane, tufani ilitushukia. Radi zilifuatana hata ukaona majani ya miti kama mchana. Hema letu moja liling'olewa, na sisi pamoja na mama mmoja na mtoto wake, waliokuwa miongoni mwa wale sita, tulisongamana katika hema la pili mpaka alfajiri. Asubuhi ziwa lilikuwa shwari kama maji ya bakulini. Nahodha wetu alifika saa tatu. Mashua ile ya jioni, tulipata habari, ilifika bara salama. Hatuwezi kusema kwamba ingezama lau magunia yale yasingeteremshwa, hakuna ajuaye. Lakini yule mama, aliyetuaga mwaloni, hakunung'unika tena.

KWA NINI USIKU

Wavuvi husema kwamba ziwa hili lina hasira za usiku, na wataalamu wa hali ya hewa wanaafikiana nao. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara, ukichukua mawingu pamoja nao. Usiku mambo hugeuka. Bara hupoa, maji yakabaki na uvuguvugu, na pepo hutoka pande zote za nchi kavu kwenda kukutana juu ya ziwa. Zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu, na huko hufanyika mawingu mazito ya mvua na radi. Kwa kuwa ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, tufani hizo hupata uwanja mpana wa kujiendeshea. Nyingi huzaliwa usiku wa manane, zikaendelea mpaka asubuhi, ndipo zikatulia.

Kwa hiyo anayesema, "Tuondoke jioni ili tufike kabla ya usiku mkubwa," amechagua saa mbaya. Mashine ikizimika njiani, giza na tufani vitamkuta pamoja katikati ya maji.

MWAKA WA MISIBA

Mwaka 2018 ulitufundisha kwa uchungu. Tarehe 20 Septemba kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kule Ukerewe, Tanzania, kikiwa kimekaribia kabisa gati ya kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kilijengwa kubeba watu wapatao 100. Waliokufa peke yao walizidi 220. Miezi miwili baadaye, Jumamosi jioni tarehe 24 Novemba, msiba ukabisha hodi kwetu. Mashua ya starehe iitwayo MV Templar, iliyowachukua watu wa Kampala waliokuwa wakienda kustarehe, ilizama karibu na mwambao wa Mukono, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha yao. Taarifa za siku hizo zilieleza kwamba chombo kilikuwa na hitilafu, kwamba watu walikuwa wengi kupita kiasi, na kwamba wengi hawakuvaa jaketi. Wavuvi waliokimbilia kuwaokoa walijikuta hatarini pia, kwa kuwa watu wengi waliirukia mashua yao ndogo kwa pamoja.

Tuyatazame mambo mawili yaliyo sawa katika misiba hiyo. La kwanza ni kwamba vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kadiri. La pili ni kwamba nchi kavu ilikuwa karibu. Tusidanganyike basi kwa kuona miti ya ufukoni. Maji ya mita tano humtosha mtu kufa kama yale ya mita themanini.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, ruhusa. Anayekwenda kisiwani asijipangie kurudi siku ile ile ambayo ruhusa yake inakwisha. Aache siku moja kati, na amweleze mkuu wake kabla ya kuondoka kwamba ziwa laweza kumchelewesha. Nao wakuu wetu tunawaomba wampokee kwa uelewano askari aliyechelewa kwa sababu ya kukikataa chombo kibovu, maadamu ametoa taarifa. Hofu ya adhabu isiwe ndiyo inayomsukuma mtu ndani ya mashua iliyojaa.

Pili, chombo. Kitazameni kikiwa tupu na kikiwa kimepakiwa. Ulizeni idadi ya watu kinachoruhusiwa kuchukua, kisha hesabuni ninyi wenyewe. Kila mtu avae jaketi yake ufukoni na kuifunga. Jaketi iliyokaliwa haimwokoi mtu. Ndani yawepo makafi, nanga, kamba, kopo la kutolea maji, na mafuta ya akiba. Watu wakae chini na wasihamie upande mmoja kwa sababu yoyote.

Tatu, saa. Vukeni asubuhi, ziwa likiisha kutulia na mawingu ya usiku yakiisha kutawanyika. Jioni na usiku ni wakati wa kuwa hemani.

Nne, habari. Mwachieni mwenzenu wa kituoni karatasi yenye jina la mwalo mlikoondokea, jina la nahodha na simu yake, jina la kisiwa, na siku ya kurejea. Mkichelewa, ajue wapi pa kuwaanzia polisi wa majini. Simu moja ikae imezimwa ndani ya mfuko usioingia maji.

Tano, wenyeji. Mara mfikapo, jitambulisheni kwa mwenyekiti wa LC1 na kwa wazee wa wavuvi. Tangu mwaka 2017 jeshi lilipopewa kazi ya kuzuia uvuvi haramu, wavuvi wengi wakiona askari hushtuka. Aliye likizoni aache sare na silaha mahali pake, alipe samaki wake kwa bei waliyopatana, na aondoke akiwa ameacha marafiki.

Sita, mahali pa hema. Msilisimamishe ukingoni mwa maji. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hata likaifikia alama ya juu ya mwaka 1964, likameza mialo na nyumba. Na hata katika siku za kawaida mawimbi ya usiku hupanda mbali. Epukeni njia za kiboko, mti uliokauka, na mti mrefu uliosimama peke yake, kwa ajili ya radi.

Saba, afya. Maji ya mwambao yana konokono wanaobeba kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi pasipo mtu kuhisi. Msikae majini penye majani na matope, chemsheni maji ya kunywa, laleni ndani ya chandarua, na baada ya safari mwendeni mkapimwe, kwa maana dawa ya kichocho ipo. Choo kichimbwe mbali na ziwa, moto uzimwe kwa maji, na takataka zote zirudi nanyi bara.

Kwa ndugu zetu walio zamuni mialoni tuna neno moja. Mnapokizuia chombo kilichojaa, mtasikia matusi, na pengine miongoni mwa abiria atakuwamo mwenzenu mwenye cheo kuliko ninyi, aliyevaa nguo za kiraia na mwenye haraka. Msimwonee haya. Maji hayamwulizi mtu amevaa nyota ngapi begani.

Yule sajini alirudi kazini Jumanne, akalipa zamu yake Jumapili iliyofuata. Hivi sasa anaitafuta likizo nyingine ili akirudie kisiwa kile, na safari hii, alituambia, ataomba siku nne kwa ajili ya kambi ya siku tatu. Wahenga wa mwambao, waliojua maji kabla yetu, walilisema jambo hili lote kwa maneno mawili: kawia ufike.